Kabla Hujachapisha Fulana za Bonanza

Ukiambiwa uandae programu ya afya kwa wafanyakazi, jambo la kwanza kukujia kichwani pengine ni bonanza. Jumamosi asubuhi, uwanja wa shule ya jirani, fulana zenye nembo ya kampuni, idara ya fedha ikivuta kamba na idara ya uzalishaji, mgeni rasmi akikabidhi kombe, na pembeni hema la wauguzi wawili wanaopima presha na sukari. Watu hucheka, hupiga picha, hurudi nyumbani wamechoka kwa raha. Jumatatu kila mtu yuko kwenye kiti kilekile, zamu ileile na chai ileile iliyokolezwa sukari. Yule aliyekutwa na presha ya juu pale hemani amebaki na karatasi mfukoni, na hakuna atakayemuuliza tena habari zake.

Sina ugomvi na bonanza. Linafurahisha, na linawakutanisha watu ambao mwaka mzima wanajuana kwa barua pepe tu. Lakini ni sherehe, na bajeti ya afya ikiishia kwenye sherehe basi afya yenyewe haijaguswa. Kama wewe ndiye afisa utumishi, katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi, au mwenye kampuni uliyeamua kulivalia njuga jambo hili kwa fedha kidogo, nitakuomba ushike mpangilio mmoja ambao wengi huugeuza: irekebishe kazi kwanza, kisha ndipo uende kwa mtu mmoja mmoja na mawaidha yako.

Mpangilio huo una sababu. Marekani, watafiti Zirui Song na Katherine Baicker walifuatilia kampuni ya maduka ya jumla yenye wafanyakazi karibu 33,000 katika vituo 160. Vituo 20 vilichaguliwa kwa bahati nasibu vipewe masomo ya lishe, mazoezi na kupunguza msongo wa mawazo. Vingine vikaachwa vilivyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019 katika jarida la JAMA. Baada ya miezi 18, waliopata masomo walisema wanafanya mazoezi zaidi na wanaangalia uzito wao. Presha yao, kolesteroli, gharama za matibabu na siku za kukosa kazini hazikuwa na tofauti ya maana na za wenzao. Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois walionyesha jambo ambalo kila mwandaaji wa bonanza amewahi kulishuku: wanaojitokeza kwenye programu hizi ni wale ambao tangu mwanzo matibabu yao yaligharimu kidogo. Na mwaka 2024 William Fleming wa Oxford alichapisha uchambuzi wa wafanyakazi 46,336 wa Uingereza katika taasisi 233. Waliopewa programu za simu za kutuliza akili, mafunzo ya ustahimilivu na mengine ya namna hiyo hawakuwa na hali bora kuliko wasiopewa.

Upande wa pili kuna ushahidi wa zamani zaidi. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris alichapisha matokeo ya kuwalinganisha madereva na makondakta wa mabasi ya ghorofa ya London. Makondakta, waliopanda na kushuka ngazi siku nzima wakikata tiketi, walipata ugonjwa wa moyo kwa kiasi kidogo kuliko madereva waliokuwa wamekaa. Hakuna aliyewafanyia semina. Kazi yenyewe ndiyo iliyowatembeza. (Morris alikuwa mkweli: baadaye alikagua vipimo vya sare zao akakuta madereva walikuwa na viuno vinene zaidi tangu mapema, kwa hiyo kukaa peke yake hakukueleza kila kitu.) Kisha ukaja uchunguzi wa watumishi wa serikali ya Uingereza katika eneo la Whitehall, ulioanza 1967 na ambao Michael Marmot alikuja kuupa umaarufu. Matarishi na mabawabu walikuwa wakifa kwa ugonjwa wa moyo takriban mara tatu ya maofisa wa ngazi ya juu. Sigara, presha na kolesteroli havikutosha kueleza pengo lile. Awamu ya pili, iliyoanza 1985, ilipata sehemu ya jibu katika kazi yenyewe: mtu asiye na kauli yoyote juu ya namna anavyofanya kazi yake huugua zaidi.

Ongeza saa za kazi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalikadiria kuwa kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki huongeza hatari ya kiharusi kwa asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa asilimia 17, ukilinganisha na saa 35 hadi 40. Ukiwa na msimamizi anayewabakiza watu hadi usiku kila siku, semina ya moyo wenye afya unayoilipia ni kejeli.

Tembea kabla ya kupanga

Tuseme kazini kwako ni kiwanda cha kufungasha unga kando ya Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam. Watu 140, zamu mbili, theluthi yao vibarua. Kabla ya kuitisha kikao, tenga wiki mbili za kutembea tu. Fika zamu ya usiku, maana huko ndiko mambo yasiyoonekana asubuhi. Kula na wapakiaji. Hesabu vyoo, halafu waulize wanawake kama kweli wanavitumia. Mwanamke anayejinyima maji tangu asubuhi kwa sababu choo ni kichafu, au kwa sababu msimamizi hununa akiombwa ruhusa, ataishia zahanati na UTI mara kwa mara, na wewe utamwandika mtoro.

Chukua daftari la ruhusa za ugonjwa la miezi 12 iliyopita, ulipange kwa idara na kwa zamu bila majina. Kama chumba cha kufungasha kina kikohozi kuliko idara zote, umepata pa kuanzia. Kisha uliza watu swali moja la wazi: kazi hii inakuuma wapi? Utajibiwa mgongo, macho, kifua, na wengine watakutajia jina la msimamizi. Andika yote.

Usiwasahau walinzi na wafagiaji kwa kisingizio kwamba wameajiriwa na kampuni nyingine. Wao ndio matarishi wa Whitehall wa kiwanda chako. Wanalala kidogo, wanalipwa kidogo, na mara nyingi hata maji ya kunywa ya ofisini hawaruhusiwi. Programu inayowaruka hao imewaruka wanaoihitaji kuliko wote.

Huhitaji kuunda kamati mpya. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na wakala wa serikali, OSHA, tayari inazungumzia wawakilishi na kamati za usalama na afya. Mahali pengi wawakilishi hao wapo kwenye karatasi tu, huonekana siku ya mkaguzi. Wape kazi ya kweli. Mwingize katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi, TUICO, au TUGHE kama mko serikalini, na angalau kibarua mmoja aliyechaguliwa na wenzake. Mkurugenzi asiwe mwenyekiti; watu hawatasema. Lakini awepo mtu mwenye uwezo wa kuidhinisha fedha, la sivyo mtakuwa mnanung'unika kwa kumbukumbu zilizochapwa vizuri.

Irekebishe siku ya kazi

Anza na saa, kwa kuwa sheria iko upande wako na haikugharimu semina. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka ukomo wa saa 45 kwa wiki na saa 9 kwa siku. Kazi ya ziada isizidi saa 50 katika kila mzunguko wa wiki nne. Aliyefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo apate mapumziko ya dakika 60, na kila wiki awe na saa 24 za kupumzika bila kukatizwa. Zamu za saa 12, zile za walinzi, zinaruhusiwa kwa makubaliano ya maandishi, lakini hata hapo zisipite siku 5 wala saa 45 za kawaida kwa wiki. Toa mahudhurio ya miezi mitatu, piga hesabu, uone ni wangapi wanavuka mipaka hiyo. Matokeo hayo yapeleke kwenye kikao cha menejimenti kabla ya kitu kingine chochote. Yakikataliwa, jua kwamba programu yako ni ya picha za kalenda, na uamue mapema kama uendelee nayo.

Zamu ya usiku ina madhara yake: usingizi wa mchana ni mwepesi, tumbo huvurugika, ajali njiani alfajiri huongezeka. Huwezi kuifuta kama kiwanda hakilali, ila unaweza kupunguza makali. Mkiwa na zamu tatu, zizunguke kwa kwenda mbele, kutoka asubuhi kwenda mchana na mchana kwenda usiku, kwa kuwa mwili huvumilia hivyo zaidi ya kurudishwa nyuma. Ratiba itoke mapema, watu wapange malezi na usafiri. Weka gari la kuwarudisha. Anayenyonyesha ana haki ya muda wa kunyonyesha hadi jumla ya saa 2 kwa siku, ndani ya saa za kazi; asiye na namna ya kumfikia mtoto atahitaji chumba kidogo chenye kitasa cha ndani, kiti na friji. Stoo ya karatasi mara nyingi inatosha ikishasafishwa.

Halafu vumbi. Unga unaonekana hauna madhara kwa kuwa ni chakula, kumbe vumbi lake ni chanzo kinachojulikana sana cha pumu ya kazini. Waokaji mikate wana pumu inayoitwa kwa jina lao. Barakoa ndiyo dawa ya mwisho, ingawa kwa kuwa ni rahisi kununua huwa ya kwanza. Tangulia na chanzo: funika mdomo wa mashine pale unga unapodondoka, weka feni ya kufyonza vumbi hapohapo, shusha kimo cha kumimina. Piga marufuku kufagia kukavu na kupuliza sakafu kwa kompresa, maana hapo mnalirudisha vumbi hewani likatue kwenye mapafu. Mashine ya kufyonza vumbi ya kiwandani ni ghali, ndiyo, ila hata vumbi la unga lenyewe likitanda hewani likakutana na cheche hulipuka, na hiyo ni hoja ambayo mhasibu ataisikia haraka kuliko hoja ya kikohozi.

Maji ya kunywa yawe karibu, yafikike bila kuomba ruhusa. Anayefanya kazi kwenye joto chini ya bati anahitaji karibu kikombe kimoja kila dakika 15 hadi 20. Pipa moja mwisho wa ukumbi halimfai. Anayesimama siku nzima apewe stuli ya kuegemea. Anayekaa siku nzima, yule wa ofisini, awe na kiti kinachorekebishika na skrini iliyo usawa wa macho, na kila baada ya dakika 20 ayatazamishe macho yake mbali kwa sekunde 20 hivi. Anayebeba magunia atafutiwe toroli. Nimeona ofisi zikileta mtaalamu wa kufundisha kuinua mzigo kwa kukunja magoti, wakati toroli moja lingeumaliza mzigo wenyewe.

Kantini na mama lishe

Hapa ndipo ninapopapenda zaidi, kwa sababu mabadiliko huonekana ndani ya mwezi na hakuna anayehisi anahubiriwa.

Kaa jikoni siku mbili. Asubuhi ni chai iliyokwisha tiwa sukari kwenye chupa, chapati, maandazi, labda supu. Mchana ni mlima wa wali au ugali, maharage, kipande cha nyama, na mchicha kidogo pembeni kama pambo. Jioni ni chipsi nje ya geti. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isiyozidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai kwa chakula chote cha kutwa. Sukari ya kuongezwa inashauriwa isizidi sehemu ya kumi ya nguvu ya chakula, ambayo kwa mtu mzima wa kawaida ni takriban gramu 50. Soda moja ya mililita 350 huwa na gramu 35 hadi 40. Mtu aliyekunywa soda moja na vikombe viwili vya chai ya kantini amekwisha vuka kabla hajafika nyumbani.

Usibandike bango la kuchukia sukari. Fanya mambo matatu yanayoonekana madogo. Chai ije bila sukari, bakuli liwe mezani na kijiko kidogo. Wengi watatia pungufu ya mpishi. Kichupa cha chumvi kiondoke mezani, kibaki kwa mpishi, anayeomba apewe. Na chumvi ya mboga ipunguzwe kidogokidogo kwa wiki kadhaa: ulimi huzoea, na ukipunguza kwa mkupuo siku moja utapigiwa kelele hadi ofisini kwa mkurugenzi. Vitunguu saumu, tangawizi, ndimu na bizari vifanye kazi iliyokuwa ikifanywa na chumvi na kiungo cha pakiti.

Baada ya hapo zungumza bei. Mama lishe hapiki mboga kidogo kwa kuwa hajui faida yake. Anapika kidogo kwa sababu mboga humchukulia muda kuzichambua, na mteja hushibishwa na wali. Kampuni ikilipia mboga na tunda kwa kila sahani, yeye hana sababu ya kukataa. Nunua kwa msimu: chungwa, embe, tikiti, papai, ndizi, chochote kilichojaa sokoni wiki hiyo. Kubaliana naye mafuta ya kukaangia yasirudiwerudiwe, na samaki au dagaa wapate nafasi zaidi ya soseji. Maandishi ya makubaliano yawe ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili anachokielewa, na malipo yake yatoke kwa wakati. Ukimcheleweshea mwezi mmoja, chumvi itarudi.

Na usisahau kuwa jikoni pale ni mahali pa kazi pia. Mama lishe anayepikia watu 140 kwa kuni na mkaa anavuta moshi kutwa nzima. Jiko la gesi na dirisha pana ni sehemu ya programu hii, hata kama jina la mama huyo halimo kwenye orodha ya mishahara.

Upimaji wenye kesho yake

Kwanza tenganisha vitu viwili. Kuna upimaji wa kisheria, wa kabla ya kuanza kazi na wa vipindi, unaomwangalia mtu kwa hatari za kazi yake: mapafu ya wa vumbi, masikio ya wa kelele. Huo unafanywa na daktari anayetambuliwa kwa kazi hiyo. Kuna upimaji wa hiari wa afya ya jumla, na huo ndio wa programu yako. Ukiuchanganya na ule wa kwanza, watu wataamini presha yao inatafutwa ili wapunguzwe kazini, na hawatakuja.

Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 2012 ulikuta karibu mtu mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 ana shinikizo la juu la damu. Kwa kiwanda chako cha watu 140, hata wakiwa vijana zaidi, usishangae ukipata watu 20 au 30. Swali la kujiuliza kabla hujanunua hata kipimo kimoja: hao 30 nitawapeleka wapi Jumanne? Kama huna jibu, ahirisha. Nenda kituo cha afya cha karibu, kubaliana na mganga mfawidhi siku ya kuwapokea, jua bima za watu wako zinalipia nini, na uandike wazi kwamba muda wa kliniki ni muda wa kazi unaolipwa. Kibarua asiye na bima atakwama kwenye dawa. Hapo ndipo bajeti ya fulana inapoweza kufanya jambo la maana, kwa kuwa dawa za kawaida za presha kama amlodipini hazina bei ya kutisha.

Kupima nako kuna adabu yake. Mtu akitoka kuvuta kamba au kupanda ngazi, kipimo kitamsingizia. Apumzike ameketi dakika 5, mgongo umeegemea, miguu yote miwili sakafuni bila kukunja nne, mkono umewekwa mezani usawa wa moyo, mkanda umezunguka mkono mtupu, siyo juu ya shati. Nusu saa kabla asivute sigara wala kunywa kahawa. Haja ndogo ameshakwenda. Wakati wa kupimwa asizungumze. Pima mara mbili. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi, siyo hukumu: apimwe tena siku nyingine, na ikirudia ndipo aende kliniki. Ikifika 180 kwa 120 na ana maumivu ya kifua, kifua kinabana, macho yana ukungu au upande mmoja wa mwili umelegea, ni hospitali saa hiyohiyo kwa gari la kampuni, asiachiwe bodaboda.

Siri ndiyo nguzo. Taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Menejimenti ipate idadi tu: waliopimwa, waliohitaji rufaa, waliofika. Majina yabaki kwa muuguzi. Kuhusu VVU, sheria ya 2008 inakataza kumlazimisha mtu kupima, na inamtaka mwajiri awe na mpango wa elimu, kondomu na kuwasaidia wanaoishi na virusi. Usimpange mtu kwenye foleni moja ya presha na VVU, kwa sababu foleni yenyewe itasema. Wanawake wa miaka 30 hadi 50 wapewe nafasi ya uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi, huduma inayotolewa katika vituo vingi vya umma. Anayekohoa wiki mbili au zaidi apelekwe kupima kifua kikuu; vipimo na matibabu yake ni bure.

Jambo moja la kujihadhari: usitoe zawadi kwa idara yenye siku chache za ugonjwa. Utakuwa umewalipa watu waje kukoholeana.

Akili na mfuko

Wengi wakisikia afya ya akili kazini huwaza mwanasaikolojia wa kuja kuzungumza ukumbini. Aje, hakuna ubaya. Lakini miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 inasisitiza kubadili mazingira ya kazi na kuwafundisha wasimamizi, na mimi nakubaliana nayo kabisa. Msimamizi anayefokea watu mbele ya wenzao anazalisha wagonjwa kwa kasi ambayo mshauri nasaha hawezi kuifikia. Mfundishe jinsi ya kutoa onyo faraghani, kusikiliza bila kutoa hotuba, na kutambua mtu aliyebadilika ghafla: aliyekuwa mcheshi akanyamaza, aliyekuwa mwaminifu akaanza kuchelewa, anayenuka pombe saa 2 asubuhi. Kwa huyo wa pombe, mlango wa matibabu utangulie ule wa barua ya kusimamishwa.

Chunguza madeni pia. Katika sehemu nyingi za kazi siku hizi, kinachomkosesha mtu usingizi ni kausha damu: mkopo wa haraka, riba ya kutisha, kadi ya benki imeshikwa na mkopeshaji, ujumbe wa vitisho umetumwa hadi kwa shemeji. Huwezi kumwambia mtu wa namna hiyo avute pumzi ndefu. Lipa mshahara tarehe ileile kila mwezi. Weka utaratibu wa kueleweka wa kuchukua sehemu ya mshahara mapema kwa dharura ya ugonjwa au msiba. Saidieni kuanzisha SACCOS, au kujiunga na iliyopo yenye leseni, na mwalike mtu wa kuwaonyesha watu hesabu ya riba kwenye ubao, kwa shilingi zao wenyewe. Sijui semina ya msongo wa mawazo inayoweza kushindana na hesabu hiyo.

Mazoezi, kwa ufupi

Wapakiaji wako wamekwisha tembea na kubeba kutwa nzima. Wanachohitaji ni kupumzika na kunyoosha mgongo. Wanaohitaji kutembezwa ni wa ofisini. Dakika 150 kwa wiki za mwendo wa haraka zinatosha kuanzia, na zinaweza kukatwa vipandevipande. Mabafu na mahali pa kufungia baiskeli yatasaidia zaidi ya hotuba. Michezo ya SHIMUTA kwa mashirika na kampuni, na SHIMIWI kwa watumishi wa wizara, ina faida yake, ila angalia nani anachezea timu: kama ni wachezaji kumi na watano walewale kila mwaka, umelea timu.

Utajuaje imefanya kazi?

Usihesabu waliohudhuria. Chagua vipimo vinne au vitano uvishike mwaka mzima: saa za ziada kwa kila idara, waliokutwa na presha na wakarudi kupimwa mara ya pili, ambao presha yao imeshuka baada ya miezi sita, majeraha na ajali, na jibu la swali lile la awali, kazi hii inakuuma wapi, likiulizwa tena na mtu yuleyule kwa namna ileile. Bandika matokeo ukutani, hata yakiwa mabaya. Kamati ambayo matokeo yake ni mazuri tu kila robo mwaka haiaminiki na yeyote anayefanya kazi humo ndani. Na usiahidi wenye kampuni kwamba fedha zitarudi mwaka wa kwanza. Hawatakusamehe zisiporudi, na ushahidi niliokutajia hapo juu hauungi mkono ahadi hiyo.

Vipi kama hamfiki 140, mko sita, gereji chini ya mwembe au saluni ya chumba kimoja? Hamhitaji kamati. Saluni ifungue madirisha mawili yanayotazamana, dawa za nywele zikorogwe karibu na dirisha, na glavu zivaliwe hata na aliyezoea kwa miaka kumi. Gereji kadhaa za mstari mmoja zinaweza kuchangia kipimo kimoja cha presha, tangi la maji na choo cha kufungwa. Na yule kijana anayenyonya petroli kwa mdomo kutoka kwenye tangi la gari anunuliwe pampu ya mkono leo, maana petroli ikimpalia ikaingia mapafuni inaweza kumlaza hospitali wiki nzima, au isimpe nafasi ya kufika.